Abiria wa Joyeuse

— Kamate, toka mbele ya camion!

— Sitoke.

— Nitakukanyaga, naapa!

— Kanyaga. Batu ba Butembo batasema: bibi ya miezi tatu amekanyaga bwana yake, juu alikataa kumubeba.

Wapakiaji pale parking ya Rughenda waliacha magunia wakaja kutazama. Sinema ya bure asubuhi asubuhi, nani ataikosa? Nyuma ya usukani wa lori la Fuso alikaa Joyeuse, dereva mwanamke pekee kwenye parking ile, kitambaa cha bluu kichwani, mdomo umevimba kwa hasira. Mbele ya bampa alisimama mume wake Kamate, fundi cherehani, begi begani, mikono ameitanua kama kipa anayengoja penalti.

— Kila chauffeur hapa anabebaka bibi yake! Kamate alipaza sauti. Maliro alibeba wake jana. Bibi ya Mumbere, yeye cabine imekuwa chumba yake. Weye juu ya nini hautake kubeba bwana yako?

Parking nzima ikahamia upande wake.

— Mubebe, mama!

— Bwana naye ni muzigo, pakia!

Joyeuse alikuwa na sababu, tena kubwa, lakini haikuwa ya kutangazwa mbele ya wapakiaji. Na siku hiyo msaidizi wake alikuwa kitandani na malaria, kiti cha pembeni kilikuwa kitupu, hata kisingizio cha kukosa nafasi hakikuwepo. Akafungua mlango.

— Panda. Mais lakini tukifika Beni, kila kitu nitasema, weye unaitika tu. Unasikia?

— Nitaitika, chérie!

Alipanda haraka, kabla mke wake hajabadili mawazo.

Lori liliondoka na viazi vya Lubero nyuma, na mbele wapenzi wawili. Jamani, Kamate alifurahi! Alishusha kioo, akawapungia mkono watu asiowajua. Alikuwa amebeba mayai ya kuchemsha, mkate na thermos ya chai, na kabla ya kufika Maboya alikwishaanza kazi ya kumlisha dereva.

— Fungua kinywa.

— Kamate, niko naendesha!

— Njo maana nasema fungua kinywa. Mikono iko na kazi.

Joyeuse alijitahidi kununa, akashindwa. Alicheka na yai mdomoni. Kwa muda ule alimpenda mwanaume yule mpaka akasahau kilichokuwa kinawangoja mbele.

Kisha Kamate akaharibu.

— Joyeuse, mama ananiuliza kila siku. Utaacha lini hii kazi?

— Tena?

— Natoka kwa machine mangaribi, nyumba iko giza. Nakula peke yangu. Nilioa juu ya kukula peke yangu?

— Ulinioa niko chauffeur. Haukunikuta kwa kushona. Ukirudilia tena ile maneno, utashuka na utafika Beni na miguu.

Kamate akafunika thermos. Alimpenda mke wake, na alitamani amkute nyumbani kila jioni. Kwake yeye hayo mawili yalikuwa kitu kimoja.

Kwenye mlima wa Kabasha mvua ya jana ilikuwa imeacha tope. Lori lililowatangulia lilikuwa limelala ubavuni kwenye mtaro. Joyeuse aliingiza gia ndogo, akaanza kushuka. Mara tairi za nyuma zikateleza. Viazi vikasukuma, cabine ikaelekea bondeni.

— Salamu Maria, umejaa neema... umuokoe Kamate! Kamate alianza kujiombea mwenyewe kwa jina.

— Kata kelele! Unanivuruga!

Alizungusha usukani kuelekea kule kule lilikokuwa linateleza, akaachia breki, akashika tena kidogo. Lori likajikohoza, likanyooka. Walipofika chini, shati la Kamate lilikuwa limelowa jasho. Alimtazama mke wake kama mtu aliyetambulishwa kwake leo.

— Unafanyaka hivi kila safari?

— Hapana, ni paka siku mvua imenyesha tu.

Hakuuliza tena habari ya kuacha kazi. Ila walipoanza kuziona nyumba za Beni, aliona kitu kingine. Joyeuse alivua pete ya ndoa akaitia mfukoni.

— Pete inaenda wapi?

— Inaniuma nikishika volant.

— Kutoka Butembo haikukuuma, inakuuma hapa?

Joyeuse alipiga honi. Hapakuwa na mtu barabarani.

Mwenye lori alikuwa Papa Ézéchias, mfanyabiashara wa Beni na mzee wa kanisa, mtu ambaye hata akisalimia utadhani anasoma hukumu. Alikuwa amempa Joyeuse gari wakati wengine wote walimcheka, lakini kwa sharti moja: "Siku utaolewa, unanirudishia clé. Bibi ya mutu, bwana akikohoa tu, camion inalala." Joyeuse alikubali. Kisha akakutana na Kamate. Walifunga ndoa kwa wazazi wa Joyeuse, kule Kasugho, mbali na masikio ya Beni, na huko Beni hakumwambia mtu. Hata Kamate hakujua kuna sharti.

Lori lilipoingia kwenye uwanja wa depo karibu na soko la Kilokwa, Joyeuse alishtuka. Viti vilikuwa vimepangwa kivulini, na wazee wa jirani wamekaa. Papa Ézéchias alikuwa amevaa koti la Jumapili. Pembeni yake alisimama mdogo wake Josaphat, dereva wa lori la pili, katika koti jeusi la veste na joto lile lote. Na kwenye nguzo, mbuzi mweupe amefungwa.

Mke wa Papa Ézéchias, Mama Hadassa, alikuja mbio kuwapokea.

— Joyeuse wetu, karibu! Na huyu ni nani?

Joyeuse alifungua mdomo. Jina la kweli lilifika kwenye ulimi, likarudi.

— Ni... ni grand-frère yangu. Tulitoka tumbo moja.

Kamate aligeuza shingo polepole.

— Grand-frère! Mama Hadassa alipiga makofi. Eee, Nyamuhanga wa mbinguni! Ézéchias, kuya uone, Mungu ametuletea ndugu ya binti mwenyewe! Beau-frère, shemeji, ikala, ikala hapa mbele!

Akasukumwa kwenye kiti kizuri kuliko vyote, akapewa Fanta baridi. Kabla hajameza hata tone, Papa Ézéchias alisimama, akafumba macho.

— Tuombe. Baba, tunakushukuru. Tulikuwa tunajiuliza tutapita njia gani kufika kwa wazazi ba huyu binti, na weye umeleta grand-frère yake mu camion yetu wenyewe. Ubariki mbuzi hii ya kufungua maneno. Ubariki ndoa ya Josaphat na Joyeuse.

— Amina! aliitika Kamate kwa nguvu, kama alivyoahidi asubuhi.

Kisha masikio yakafanya kazi. Ndoa ya nani na nani?

Alipofumbua macho, Josaphat alikuwa mbele yake, amepiga goti moja, anamkabidhi kamba ya mbuzi kwa mikono miwili.

— Grand-frère, pokea.

Hebu fikiria, msomaji wangu. Mwanaume mzima, mwenye ndoa halali ya kanisa, anakabidhiwa mbuzi wa mahari ya mke wake mwenyewe, na mke amekaa pale anatazama viatu. Kamate aliinua kidole.

— Munipe dakika. Mambo ya namna hii, lazima nijulishe familia.

— Ni vizuri! Ni mutu wa heshima, alisema Papa Ézéchias.

Kamate akatoa simu. Familia aliyoijulisha ilikuwa imekaa viti viwili kutoka kwake.

"Joyeuse ni nini hii??? Banitolea mbuzi ya mahari yako!"

Simu ya Joyeuse ikatetemeka. Akajibu chini ya kitenge.

"Nisamehe cheri. Nilimuahidi papa nikiolewa namurudishia camion. Hajue niko na bwana. Nyamaza tu tutoke hapa"

"Njo maana ulitoa pete?"

"Ndiyo"

"Kwa hiyo miye ni siri yako"

Joyeuse alisoma neno hilo. Aliandika, akafuta, akaandika tena.

"Nakupenda Kamate. Mais bila camion miye ni nani"

Jibu lilichelewa. Wazee walianza kukohoa. Mbuzi naye alilia, kana kwamba anadai uamuzi. Kisha simu ikatetemeka.

"Nikishika hii kamba nimekuoza. Nikikataa batauliza sababu na camion inaenda. Sitasema kitu miye. Chagula weye."

Alipoinua macho, Kamate alikuwa ameweka simu mfukoni. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa anangoja tu, mikono juu ya magoti, na kamba iko mbele yake. Na Joyeuse akajua kwamba akikaa kimya hata kidogo tena, mwanaume yule atarudi naye Butembo, atamsaidia kushuka, atamwambia usiku mwema, na hatakuwa wake tena.

Akasimama.

— Papa, musamaha. Huyu hapana grand-frère yangu.

— Unasema?

— Ni bwana yangu. Tulioana kanisani, Kasugho, miezi tatu sasa. Nilikudanganya. Niliogopa kupoteza camion.

Lo! Mama Hadassa aliangusha trei. Josaphat akaachia kamba, mbuzi akatimka kwenye magunia ya viazi, na watu wawili wakamfuata.

— Bwana yako! Na alisema Amina! Mama Hadassa aliduwaa.

— Mama, nilizoea kuitika, alisema Kamate kwa unyonge.

Josaphat alikaa, akafungua vifungo.

— Joyeuse, ningejua, singevaa veste na hii joto.

Alijaribu kucheka, lakini macho yake hayakucheka, na Joyeuse alimuonea huruma.

— Nisamehe, Josaphat. Haukustahili hii.

Papa Ézéchias hakuwa na utani. Alinyoosha mkono.

— Clé.

Joyeuse alitoa ufunguo, akauweka kwenye kiganja chake. Kisha akatoa pete mfukoni, akaivaa mbele ya wote, akaenda kusimama karibu na kiti cha mume wake. Machozi yalimtoka bila sauti. Kamate aliinuka, akamshika mkono, na mkono ule aliuminya sana. Alikuwa amesikia akiitwa mume hadharani kwa gharama ya kila kitu alichokuwa nacho mwanamke yule. Furaha ilimjaa mpaka ikamtia aibu.

— Ézéchias, ile sharti yako ni ya nini? Mama Hadassa aliingilia. Si hata Josaphat ulitaka amuoe?

— Akiolewa kwetu, camion inabaki mu mikono yetu. Bwana ya inje simujue.

— Si huyu hapa? Mujue!

Papa Ézéchias alimtazama Kamate kuanzia viatu mpaka nywele. Alizungusha ufunguo kidoleni. Kisha akamnyooshea.

— Basi. Naona muko bakweli, hata kama mulichelewa. Camion itabaki kwa Joyeuse. Mais clé, nakupa weye, mwanaume. Weye njo responsable. Ukisema aende, anaenda. Ukisema akae nyumbani, anakaa, unaniita tu mapema nitafute mwingine. Pokea.

Hicho ndicho Kamate alichokuwa anakitaka tangu harusi. Neno moja kwenye simu, na kila jioni taa ingekuwa inawaka nyumbani. Mama yake angeshangilia. Alimtazama Joyeuse. Joyeuse alifuta uso kwa kitambaa cha bluu, akangoja kama yeye alivyongoja muda mfupi uliopita.

— Wasingya, asante papa, alisema Kamate. Mais hapana, usinipe miye. Miye sijue kuendesha hata kinga, hata baiskeli ya mutoto. Leo pale Kabasha, camion ilitaka kwenda mu bonde, miye nilisahau hata Salamu Maria. Huyu aliirudisha. Sasa miye nitamuambia nini juu ya barabara?

— Na mukizaa? Nani atalea?

— Machine yangu ya kushona nitaileta nyumbani. Mutoto atalala karibu na machine, ile kelele inalazaka batoto vizuri. Njaa ikimushika, tutamungojea mama yake kwa parking.

Watu wakacheka. Hata Josaphat. Joyeuse hakucheka, alikuwa amemkazia macho mume wake kana kwamba atayeyuka akipepesa.

— Unasema kweli, Kamate?

— Kweli. Nilifikiri nataka ukae nyumbani. Kumbe nilitaka kukaa pale fasi weye uko.

— Ézéchias, alisema Mama Hadassa, viazi bitaoza. Mupe mutoto clé yake.

Papa Ézéchias aliguna. Akapita mbele ya Kamate, akamwekea Joyeuse ufunguo mkononi.

— Mais ukinidanganya tena, hata juu ya kilo ya viazi, tutaonana.

— Sitakudanganya tena, papa.

Walishusha mizigo kwa vigelegele. Alasiri, Fuso tupu likawa linaunguruma langoni, uso wake umeelekea Butembo. Josaphat mwenyewe aliwafungulia lango. Kamate alikuwa amesimama chini, hajapanda, anajipukuta vumbi la magunia na kumtazama mke wake kule juu, mikono yote miwili kwenye usukani, pete inang'aa.

— Na weye unangoja nini? Joyeuse aliita kwa sauti ya kusikika mpaka Kilokwa. Bwana yangu, panda!

Kamate alipanda, akafunga mlango.

— Nimepanda, chauffeur.