Mabuti Yaliyofungiwa Kabatini

Mwezi wa Shaabani ukiandama, Salhiya hapati nafasi hata ya kujikuna. Yeye ni fundi cherehani. Anakaa Mkunazini, ndani ya Mji Mkongwe, juu ghorofani, katika nyumba yenye ua katikati. Wanawake humletea vitambaa vya Idi hata Ramadhani haijaingia. Wanamjua. Akisema nguo itakuwa tayari, itakuwa tayari.

Nyumba yake ina sheria moja. Kitu kipya hakivaliwi kabla ya siku yake. Kinafukizwa udi, kinakunjwa, kinafungiwa kabatini. Ufunguo wa kabati hukaa kwenye pindo la kanga ya Salhiya, na pindo halifunguliwi mpaka siku ifike. Mama yake alifanya hivyo, na bibi yake pia.

Salhiya anaishi na binti yake, Nassra. Alipomaliza skuli, Nassra alikaa nyumbani akimsaidia mama yake kukata nyuzi na kutia vifungo. Kazi hiyo haikumwingia. Mshono wake ulikwenda upande kama kaa. Mwaka huu alipata nafasi ya kujifunza kazi ya kuongoza wageni wanaotembea kwa miguu na kulala kwenye mahema. Tangu siku hiyo alikuwa mtu mwingine. Alijifunza majina ya miti na ndege, akayataja hata akiosha vyombo.

Sasa ilibaki safari ya mwisho. Wanafunzi wangetembea kwenye uwanda wa kusini na kulala huko. Uwanda ni nchi ya mawe na vichaka. Mawe yake ni makali kama meno ya msumeno, na mito hakuna.

"Mwalimu Silima kasema kila mtu atabeba mzigo wake," Nassra alimweleza mama yake. "Jumamosi tuna matembezi ya majaribio, na mzigo wote mgongoni. Asiyefika mwisho haendi safari. Asiyekwenda safari hapati cheti. Na bila ya cheti, mama, hakuna atakayenipa kazi."

"Utafika," alisema Salhiya. "Mwanangu hatoki nyumba hii akaenda kuaibika."

Salhiya alikwenda Darajani mwenyewe. Alichagua mabuti mapya ya ngozi, yenye soli nene ya meno. Nassra aliyajaribu akiwa amekaa kitandani. Akatabasamu.

"Niachie niyavae leo, mama. Niyazoee."

"Uyavae uende nayo wapi? Jikoni?" Salhiya aliyachukua. "Viatu vya safari ni vya siku ya safari. Au Idi utavaa gauni ulilokwisha kukaangia samaki?"

Mabuti yakaingia kabatini. Ufunguo ukarudi kwenye pindo.

Ijumaa Salhiya alifunga mzigo. Alitoa begi kubwa la safari, la kuning'iniza begani. Akatia blanketi, mataulo mawili, kanga mbili, magauni matatu, birika la chuma na hotipoti ya pilau. Mwisho akatia chetezo cha udi.

"Mama, chetezo cha nini?"

"Utalala porini bila ya kujifukiza? Watasema huyu kalelewa na nani?"

"Watasema nani, kima punju?"

"Hata kima ana pua," alisema Salhiya, akafunga zipu.

Jumamosi Nassra aliondoka baada ya sala ya alfajiri. Alirudi kabla ya adhuhuri, nyuma ya bodaboda. Salhiya alisikia hatua nzito kwenye ngazi. Nassra alikuwa hana viatu. Mabuti yalining'inia shingoni mwake, yamefungwa kwa kamba zake. Visigino vyote viwili vilikuwa na malengelenge, na moja lilikuwa limepasuka. Bega lilikuwa jekundu.

"Nimeishia nusu ya njia," alisema, akakaa chini.

"Yule muuza viatu!" Salhiya alifoka. "Kaniuzia mtego wa panya! Leo atanitambua mimi ni nani!"

Sauti ilifika chini. Chini anakaa Mwatima, mzaliwa wa Muyuni, kule kusini, ambaye kazi yake ni kuongoza wageni kwenye misitu na uwanda. Akapanda ngazi.

"Hodi hapa!"

"Karibu, Mwatima. Njoo uone mwenzio alivyofanywa."

Mwatima aliitazama miguu. Alinawa mikono kwa sabuni, akasafisha kidonda kwa maji safi, akakifunika kwa kitambaa safi. Lengelenge la pili hakuligusa.

"Hilo hulitumbui?" aliuliza Salhiya.

"Lisilopasuka halipasuliwi. Ngozi yake ndiyo bendeji yake." Kisha Mwatima akachukua mabuti. Aliyakunja, akayapapasa ndani. "Da Salhiya, haya mabuti mazuri."

"Mazuri, na yamemchuna mtoto?"

"Kayavaa tangu lini?"

"Leo alfajiri."

"Kabla ya leo yalikuwa wapi?"

Mkono wa Salhiya uligusa pindo la kanga. Mwatima aliuona.

"Aaa. Yalikuwa yanangojea Idi."

Nassra alicheka, na machozi yako machoni. Salhiya hakucheka.

"Buti jipya ni gumu," alisema Mwatima. "Linalainika kwa mguu wa mwenyewe tu, kidogo kidogo. Huyu na mabuti yake wamekutana leo kwa mara ya kwanza, na siku hiyo hiyo wakapandishwa mawe. Wasigombane vipi?"

Alimwambia Nassra aingize mguu taratibu na ausogeze mbele mpaka vidole viguse. Kisha akapitisha kidole chake nyuma ya kisigino. Kiliingia.

"Kipimo sawa. Kidole kisingeingia, buti lingekuwa dogo. Mguu huvimba ukitembea, tena kwa joto hili. Kwa hivyo kiatu cha kutembelea hujaribiwa jioni, mguu ushachoka, na soksi ukiwa umezivaa. Soksi ulivaa zipi?"

"Za skuli. Nyembamba, za pamba."

"Pamba hunywa jasho na haikauki upesi. Soksi ikirowa, inasugua. Tafuta nene zisizo za pamba, na jozi ya akiba kwenye mzigo. Ya kwanza ikirowa, unabadilisha."

"Mwalimu kasemaje?" aliuliza Salhiya.

"Kanipa nafasi moja tu," alisema Nassra. "Jumamosi si ya wiki ijayo, ya wiki ile nyingine. Nikirudi tena kwa bodaboda, basi. Mpaka mwakani."

Cherehani ilikuwa imesimama, na gauni la mtu limeachwa nusu chini ya sindano. Salhiya alilitazama. Halafu akafungua pindo la kanga, akautoa ufunguo na kuuweka juu ya cherehani.

"Haya, Mwatima," alisema. "Tufundishe."

Mwatima alianza na begi. Alilimwaga juu ya mkeka. Kila kitu alikiinua juu na kuuliza swali moja tu.

"Hiki kitafanya kazi gani?"

"Hiyo hotipoti," alisema Salhiya. "Mwanangu atakula nini huko? Majani?"

"Atakula tende, karanga na mikate mikavu. Ni vyepesi, vinashibisha, na havichachi. Pilau hili kwa jua la uwandani litamwendesha tumbo kabla ya magharibi."

Hotipoti ilitoka. Birika lilitoka, ikaingia sufuria ndogo nyepesi. Magauni mawili yalitoka, ikabaki nguo moja ya kubadilisha. Blanketi lilitoka kwa sababu ya joto. Mataulo yalitoka. Mwatima alipoinua kanga mbili, Salhiya alidhani nazo zinatoka.

"Hizi zinabaki," alisema Mwatima. "Kanga ni taulo, shuka na kivuli. Mkono ukivunjika inaufunga. Na inakauka upesi. Wageni wangu wananunua vitu vya ajabu madukani kwao, mwisho wanakuja kuniomba kanga."

"Umeona?" Salhiya alimwambia binti yake. Ilikuwa mara ya kwanza kutabasamu siku hiyo.

"Na chetezo?" aliuliza Nassra, kwa uchokozi.

"Nshakitoa. Nyamaza."

Nafasi iliyopatikana haikuachwa tupu. Ilitiwa chupa za maji, kwa kuwa uwandani hupati pa kuchota. Ikatiwa tochi ya kuvaa kichwani, mikono ibaki huru. Ikatiwa filimbi ya kuitia watu ukipotea, plasta, dawa ya vidonda, na pakiti za chumvi za kuchanganya na maji kwa mtu aliyetokwa na jasho sana.

Begi lenyewe ndilo lililobaki. "Mzigo wa bega moja unakupinda," alisema Mwatima. "Tafuta shanta la kuvaa mgongoni. Vizito vikae katikati, vigusane na mgongo. Na shanta liwe na mkanda mpana wa kiunoni. Mifupa ya kiuno ina nguvu kuliko mabega."

"Yaani shanta nalo lifungwe kibwebwe," alisema Salhiya.

"Hivyo hivyo! Mwanamke akiwa na kazi nzito si hufunga kiuno kwanza?"

Darajani walipata shanta la mtumba, zima, lakini halikuwa na mkanda. Salhiya alilitazama kama anavyotazama gauni la mtu. Usiku ule nguo za Idi zilingojea. Alikata kitambaa kigumu, akatia sponji ndani, akashona mkanda mpana. Alimpima Nassra kiunoni, akafumua, akashona tena. Nassra alipouvaa na kuufunga, mabega yake yalishuka.

"Mama," alisema, "limekuwa jepesi."

"Halikuwa jepesi. Limekaa mahali pake."

Hema nalo walilipata la mtumba. Mwatima alikagua zipu zote na nguzo zote. Kisha akataka lisimamishwe uani, limwagiwe maji. Watu wa nyumba walitoka kutazama. Salhiya alipanda na ndoo, akaimwaga kutoka juu, na Nassra yumo ndani.

"Linavuja?" aliita Salhiya.

"Hapa kwenye mshono!"

"Kila tundu la sindano ni tundu," alisema Salhiya. Hilo alikuwa analijua kuliko wote. Alinunua gundi ya kuziba mishono ya mahema, akaipaka pole pole, akaliacha likauke. Ndoo ya pili haikupenya.

"Na vigingi?" aliuliza Nassra. "Mwalimu kasema kule uwandani si kama mchangani."

"Kwenye mwamba kigingi hakiingii," alisema Mwatima. "Chukua kamba ndefu. Utafunga kwenye mawe mazito."

Kidonda kilipopona, Nassra alianza kuvaa mabuti. Soli zilioshwa, akayavaa ndani. Siku ya kwanza muda mfupi, ya pili zaidi. Kisha akapanda na kushuka ngazi na shanta mgongoni. Thuwaiba, jirani wa upande wa pili wa ua, hakuweza kujizuia.

"Nassra! Unakwenda vitani au unakwenda kumwaga taka?"

"Vyote viwili, bi Thuwaiba!"

"Salhiya, mwanao anaolewa na mwanajeshi nini?"

Salhiya alitoa kichwa dirishani. Zamani angeona haya. "Bado," alisema. "Lakini viatu vishaleta posa."

Ua mzima ulicheka.

Jumamosi ya pili ilifika. Salhiya alishona kutwa, na kila bodaboda iliyopita kichochoroni ilimkatiza mshono. Adhuhuri ilipita. Hakuna aliyepanda ngazi. Alasiri ilipita. Magharibi ilipokaribia, alisikia mabuti. Yalipanda haraka, bila ya kusita.

Nassra alisimama mlangoni, vumbi mpaka magotini. Akavua mabuti, akavua soksi, akainua kisigino kimoja, halafu cha pili. Havikuwa na kitu.

"Nimefika mwisho," alisema. "Mwalimu Silima kaniuliza shanta hili kanishonea nani."

"Ukamwambia nani?"

"Nimemwambia fundi wangu hapokei kazi mpya mpaka Idi ipite."

Salhiya alimpiga begani kwa kipande cha kitambaa.

Safari ya kulala nayo aliimaliza. Mvua ya ghafla iliwakuta uwandani. Hema halikuvuja, na kamba hazikung'oka kwenye mawe. Wenzake wawili waliorowa walilala kwake, wakajifunika kanga za Salhiya. Kabla ya Ramadhani kuandama, Nassra alikuwa na cheti. Mwatima akamchukua kuwa msaidizi wake.

Ramadhani kumi la mwisho, mteja mmoja alikuja na mtoto wake kuchukua gauni. Mkononi alikuwa na boksi la viatu vya mtoto, jipya, limefungwa.

"Nafika nyumbani nakwenda kulificha juu ya kabati," alisema mteja. "Huyu kanisumbua! Anataka avae leo leo."

Salhiya aliacha cherehani. Alichukua boksi, akalifungua, akamvisha mtoto viatu. Akapitisha kidole nyuma ya kisigino. Kiliingia. Akamwambia, "Haya, nenda mpaka dirishani, rudi."

Mteja alishangaa. "Salhiya! Wewe? Kabla ya Idi?"

"Gauni lingoje Idi," alisema Salhiya. "Viatu mvalishe ndani, kila siku kidogo. Mguu haujui sikukuu."

Mtoto alikwenda mpaka dirishani, akarudi, akaenda tena.