Vidonge vya Hirsi Mwezi wa Ramadhani

Mwaka ule wa ukame, 1984, Ramadhani iliingia Isiolo pamoja na vumbi. Ng'ombe waliokonda walifika mjini kutoka Sericho. Wenyewe waliwafuata nyuma, na wengine walikuja na fimbo tu, ng'ombe wameisha njiani. Safiyo aliwaona kila asubuhi alipofagia mbele ya nyumba yake huko Bula Pesa. Alifagia, vumbi likarudi, akafagia tena.

Mumewe, Hirsi, alikuwa dereva wa lori. Alipeleka unga na mafuta ya taa Kulamawe na Sericho. Alikuwa na ugonjwa wa sukari. Hapo kwanza kiu ilimtesa, na alisimamisha lori kila mara ili akojoe. Hospitali ikampa vidonge: kimoja asubuhi kabla ya kula, kimoja jioni kabla ya kula. Alivimeza vizuri na nguvu zikamrudia. Safiyo naye aliondoa sukari mezani, akaificha sandukuni kwa ajili ya wageni. Chai ya Hirsi aliitia chumvi kidogo tu.

Mwezi ulipoandama, Safiyo alimwuliza, "Baba Habibo, utafunga na hizo dawa?"

"Baba yangu alikuwa askari. Alifunga huko Burma, risasi zinapita juu ya kofia yake," Hirsi akajibu. "Mimi nishindwe na kidonge kama punje ya mtama?"

"Basi tumwulize Sista Magdaline." Magdaline alikuwa jirani yao, muuguzi wa hospitali. Ua wa miiba tu ndio uliowatenga.

"Usinitie aibu kwa majirani, mama. Funga mdomo, na mimi nifunge saumu yangu."

Moyo wa Safiyo haukutulia. Mchana ni mrefu, aliwaza. Bila dawa, sukari itapanda. Afadhali ameze vidonge vyote viwili wakati wa daku, vimlinde mpaka magharibi. Akafanya hivyo. Alimtilia vidonge mkononi yeye mwenyewe, naye Hirsi akavimeza.

Siku za mwanzo Hirsi alilegea tu, akasema ni saumu. Kisha ikaja siku ambayo aliamka amechoka kwa safari. Hakutaka mkate wa anjera wala maziwa. Alikunywa maji, akameza vidonge vyake, akarudi kulala.

Alasiri ile alikuwa ameketi kivulini uani. Jasho lilimtiririka kama mtu aliyebeba magunia. Mikono ilitetemeka. Habibo, binti yao, alipopita na ndoo, baba yake alimfokea kwa matusi ambayo hayajawahi kusikika katika nyumba ile. Kisha akamwita kwa jina la nyanya yake aliyekufa zamani.

"Hooyo," Habibo alimwita mama yake, sauti ikikatika, "Aabo hanijui."

Safiyo alimtazama mumewe akaona kifo. "Sukari imepanda!" alilia. Akakimbia ndani, akatoka na kidonge kingine. "Fungua mdomo, Baba Habibo."

Habibo alikuwa tayari uani kwa Magdaline. Wakaja mbio, Magdaline bado amevaa sare nyeupe ya kazini.

"Mama Habibo, ngoja! Leo amekula nini?"

"Hajala. Amefunga."

"Na dawa?"

"Mbili, wakati wa daku."

"Weka hiyo chini. Lete sukari, haraka!"

"Sukari?" Safiyo aling'aka. "Wewe ni jirani yangu, unataka kumuua?"

"Sukari yake haijapanda, imeshuka sana. Dawa inashusha, na tumbo halina kitu. Tukichelewa atazimia."

Habibo alishapata mfuko wa sukari sandukuni. Magdaline akakoroga nyingi katika kikombe cha maji. Alimwita Hirsi kwa jina, akaona bado anasikia na bado anameza mate. Lakini Hirsi aliuma meno.

"Nimefunga," alisema kwa ulimi mzito. "Ondokeni."

Magdaline alimgeukia Safiyo. "Mimi hatanisikia. Ni wewe."

Safiyo alipiga magoti vumbini, kikombe mkononi. Kumfungulisha mume saumu kabla ya magharibi! "Hirsi," alisema, na hakuwa na desturi ya kumwita kwa jina. "Mungu amekuomba saumu. Hajakuomba uniache mjane. Kunywa. Kama kuna dhambi, iandikwe kwangu."

Hirsi alimtazama. Machozi yakamtoka, meno yakaachia. Akanywa kidogo kidogo mpaka kikombe kikaisha.

Baada ya muda jasho lilikauka, akamtambua binti yake. Safiyo alidhani yameisha.

"Bado," Magdaline alisema. "Dawa hii hukaa mwilini muda mrefu. Sukari inaweza kushuka tena. Mpe anjera ale, kisha twende hospitali."

Robow, utingo wa Hirsi, aliendesha lori lile hadi hospitalini. Daktari akamlaza Hirsi mpaka kesho yake.

Kwenye benchi la nje Safiyo alilia. "Ni mimi niliyempa, Sista. Kwa mkono huu."

"Ulitaka kumlinda," Magdaline alisema polepole. "Sasa sikia. Dawa inaenda na chakula. Usiunganishe dozi, na usiongeze wala kuacha bila daktari. Ukiona kiu nyingi na mkojo mwingi, sukari iko juu, mlete. Ukiona jasho, kutetemeka, hasira za ghafla au kuchanganyikiwa, iko chini. Kama anaweza kumeza, mpe sukari mara moja. Akizimia, usimtilie chochote mdomoni, atapaliwa. Mlete hapa mbio."

"Na saumu?"

"Mtu wa sukari amwone daktari kabla ya kufunga. Wengine hupangiwa dawa upya. Wengine huambiwa wasifunge."

Hirsi aliambiwa asifunge. Sheikh Dabasso alimtembelea, akamwambia mgonjwa ana ruhusa, na badala yake alishe maskini kila siku. Maskini hawakutafutwa mbali. Safiyo alipika, na watu wa Sericho wakala uani kwake jua likizama.

Vidonge vikarudi kama zamani, asubuhi na jioni, na chakula mara baada yake. Kule kutetemeka hakukuonekana tena. Hirsi aliporudi barabarani, alitia sukari iliyofungwa kwenye karatasi katika mfuko wa shati.

"Robow, nikianza kukutukana bila sababu, nipe hii."

"Na ukinitukana kwa sababu?"

"Hapo wewe nyamaza tu, uendelee kupakia."

Lakini huzuni haikumwacha upesi. Siku za kuwa nyumbani, adhuhuri alikula chumba cha nyuma, mlango umefungwa, uso ameugeuzia ukutani kama mwizi. Siku moja Safiyo aliingia, akaketi mkekani kando yake.

"Toka, mama. Wewe umefunga. Harufu itakutesa."

"Itanitesa kidogo," Safiyo alisema. Akamsogezea sahani. "Kula."

Hirsi akageuka kutoka ukutani, akala.