Mrija wa Rénovat

Kwaru, kwaru. Gizani, kabla ya adhana ya alfajiri, mtu alikuwa anasugua chungu kwa mchanga.

"Mi nilifikiri ni mwanamke amepata wageni," Adija, jirani, alimwambia Inspekta Léoncie kulipokucha. "Kumbe ni mauti yanaosha vyombo!"

Rénovat, mlinzi wa ofisi ya chama cha wakulima wa pamba, alilala kifudifudi mlangoni, povu limemkauka mdomoni. Nyuma yake kasha la chuma lilikuwa wazi, tupu. Ruzuku ya serikali ilikuwa imefika jana, lakini njia ya bondeni ilifungwa kwa mapigano, ikabidi ilale hapa Gihosha. Bila hiyo, wakulima ambao vita vilikwisha kuwachomea shamba wasingepanda hata mbegu moja.

"Ni waasi," alisema mwenyekiti wa chama, akijifuta machozi. Huyu Népomuscène alikuwa kaka yake Léoncie, tumbo moja, na nyumba yake ilipakana na ofisi.

"Tangu lini waasi wanaosha vyungu, kaka?"

"We unanihoji mimi? Mimi niliyekubeba mgongoni?"

"Namhoji mwenyekiti."

Mkuu wake alitaka kesi apewe mwingine. Léoncie alimsihi amwachie. Alitaka kumsafisha kaka yake kwa mkono wake mwenyewe.

Mchana daktari aliyepasua maiti akatoa jibu: sumu, dawa ya kunyunyizia pamba, iliyoingia pamoja na pombe ya ndizi.

Hapo Léoncie akakwama. Kwao, mwenyeji huonja kwanza, ndipo mgeni anywe. Na tangu vita vianze, Rénovat hakuwa anagusa hata maji kabla ya mwenzake kumeza.

"Jana alikunywa kwa nani?" aliuliza alipoingia nyumbani kwa kaka yake, Adija nyuma yake.

"Kwangu. Sifichi," alisema Népomuscène. "Chungu kimoja, watu wawili. Nilionja mbele yake, Adija aliniona. Mbona mi niko hai?"

"Kweli, alionja," alisema Adija.

Léoncie alishusha pumzi. Moyo wake ulikwisha kumtoa kaka yake gerezani. Kisha akainua macho. Juu ya mlango, mirija ya marafiki wa nyumba ilichomekwa darini, kila mmoja na uzi wa mwenyewe. Katika nyumba hiyo hakuna aliyenyonya pombe kwa mrija wa mwenzake. Uzi mwekundu ulikuwa wa Rénovat.

Léoncie aliuchomoa mrija huo. Akaupeleka mdomoni taratibu, kama mtu anayetaka kupiga filimbi.

"Léo, apana! Usinyonye!"

Népomuscène aliupiga ukaanguka sakafuni.

"Mimi sijasema una sumu," alisema Léoncie. Sauti yake ilikuwa ndogo.

Kaka yake akaketi chini.

"Chungu ulikiosha. Mrija kwa nini hukuuchoma?"

"Mrija wa mutu hauchomwi, Léo, ni kama kumchoma mwenyewe. Niliushika mbele ya moto, mkono ukakataa."

"Mkono uliomtilia rafiki yako sumu?"

Népomuscène aliutazama mkono wake.

"Pesa ziko wapi?"

"Ndani ya godoro la mwanangu, Orlane."

"Kwa nini, kaka?"

"Vita vilimla mama yake. Nilitaka nimvushe mtoto mpaka Kigoma, tuanze upya. Rénovat nilimwomba afumbe macho tugawane. Akasema, 'Nepo, hizo ni mbegu za watu.' Basi."

"Na watu hao wana watoto."

"Najua." Akalia kweli sasa, na kilio hicho hakikufanana na kile cha asubuhi. "Nilijua hata wakati naonja."

Léoncie alimfunga pingu mwenyewe. Askari walibeba godoro lililopasuliwa, wakampeleka mwenyekiti garini. Wakulima waliokuwa wakingoja nje hawakumzomea. Walimtazama tu, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Jua lilikuwa linashuka, saa ya marufuku ya kutembea inakaribia. Orlane alisimama uani, akalitazama gari mpaka likapotea. Kisha mtoto akaja, akamshika Léoncie mkono ule ule uliofunga pingu.

"Shangazi, leo nitalala kwako."