Mashine ya Parsaoti Ilipoamka

"Umefuta!"

"Nzula, nisikilize kwanza."

"Leo wewe ndiye utasikiliza. Ulifungua droo yangu bila kuniuliza, ukachukua flashi yangu, ukaifuta yote. Yote, Nalianya!"

Nalianya alisimama kati ya mashine ya fotokopi na meza, shati lake la miraba limelowa kwapani, flashi nyekundu mkononi. Nyuma yake kompyuta ya ofisi, iliyokuwa imekataa kuwaka tangu Jumatatu, ilikuwa inawaka. Skrini yake ilikuwa na rangi ya udongo ambayo Nzula hakuwahi kuiona. Alikuwa na hasira nyingi mno kuitazama.

"Nilitaka kukushtua kidogo," alisema Nalianya. "Mashine yako ilikuwa imelala. Nikasema, akirudi kutoka benki aikute imeamka."

"Na flashi zako? Si unazo zimejaa mfuko mzima?"

"Zangu ni ndogo. Huu mfumo wa kuamsha kompyuta ni megabaiti mia saba. Nilihitaji ya giga moja, na hapa ya ukubwa huo ni hii tu."

"Hukuiangalia ina nini?"

Nalianya angeweza kudanganya. Hakudanganya.

"Programu iliniuliza, kule kwenye kompyuta za saiba. Iliandika kwamba kila kitu kitafutwa, niendelee au nisiendelee. Nikabonyeza ndiyo."

Nzula alikaa kwenye kiti cha wateja. Ndani ya flashi ile kulikuwa na picha kumi na mbili za ubatizo wa Sheryl, binti yake, na katika picha hizo alikuwamo Musau, mumewe, akiwa hai. Musau aliangukiwa na mawe machimboni mwaka 2006, mtoto akiwa hajajua kusema "baba". Picha pekee iliyochapishwa ilikwenda na wakwe zake siku ya mazishi, na ukiwauliza wanasema wanaitafuta. Miaka mitatu sasa wanaitafuta. Hizo za flashi hakuziweka kamwe kwenye kompyuta ya ofisi, maana kila mteja huchungulia skrini, na marehemu si tangazo.

"Toka," alisema.

"Mpenzi..."

"Toka, kabla sijasema neno ambalo nitalijutia."

Alitoka. Flashi aliiacha mezani.

Walikuwa wamejuana miezi sita tu. Walikutana kwenye kioski cha maji pale Noonkopir, mwaka ule wa ukame ambapo hata ng'ombe wa Wamaasai walikuwa wanatembezwa katikati ya mji wa Kitengela wakitafuta nyasi kandokando ya barabara. Nzula alipenya mbele na mitungi yake miwili.

"Dada, mkia wa foleni uko kule," sauti ya kiume ilisema.

"Mimi niko na ofisi ya kufungua. Mkia ni wa wasio na kazi."

"Basi nisaidie na mimi nipate kazi. Nikubebee huo mmoja?"

Watu walicheka. Nalianya, karani wa stoo katika kiwanda kimoja cha nguo huko Athi River, mzaliwa wa Bungoma, mrefu, mwenye meno meupe na viatu vilivyopigwa rangi hata siku ya vumbi, alibeba mtungi hadi mlangoni pa ofisi. Aliona maandishi, "Nzula Kuchapa na Fotokopi", akauliza kama kompyuta zinafanya kazi vizuri. Kuanzia siku hiyo kila kitu kilichoharibika mle ndani kilikuwa chake. Pasaka alimwomba amuoe. Nzula alimwambia, "Ngoja." Hakumwambia angoje nini, kwa sababu yeye mwenyewe hakujua. Alichojua ni kwamba amewaona wanawake ambao waume zao wapya hawataki jina la marehemu litajwe mezani. Sheryl hatalelewa hivyo. Heri alelewe bila baba wa pili.

Kwa hiyo jirani yake Roda, mwenye saluni, alipoegemea mlango kesho yake, Jumatano, na kitana kimechomekwa nyweleni, alikuwa anachokonoa kidonda kibichi.

"Nimesikia."

"Wote mmesikia. Hizi kuta ni mabati."

"Mimi sisemi kitu, Mama Sheryl. Lakini mwanamume akitaka kuingia nyumba ya mjane, kitu cha kwanza anatoa picha ukutani. Wengine wanatoa kwa mkono. Huyu wako ametoa kwa kompyuta."

"Roda, mteja wako anaungua na draya."

"Aungue. Mimi nakuambia ukweli."

Siku hiyo Nalianya alimpigia simu mara saba. Nzula aliitazama ikitetemeka juu ya meza, ikigongana na stepla. Hakushika. Alhamisi asubuhi iliita tena, akashika ili amtukane vizuri.

"Sema haraka, niko na watu."

"Nani alipiga hizo picha?"

"Unauliza ya nini?"

"Jina tu, Nzula."

"Parsaoti. Ana studio Kajiado mjini. Na kabla hujajifanya mwerevu, nilishamuuliza mwaka jana kama anazo bado. Kompyuta yake ilikufa."

Nyuma yake kiwandani cherehani zilikuwa zinalia.

"Ilikufaje?"

"Kufa ni kufa, Nalianya. Mimi ndiye wa kuambiwa kuhusu kufa?"

"Kwa watu, ndiyo," alisema polepole. "Kwa mashine si lazima. Aliifomati, akafuta vyote?"

"Sijui."

"Kama hakuifomati, nipe siku moja. Nimeomba ruhusa ya kesho. Baada ya hapo ukiniambia nisikukanyagie mlango, sikanyagi."

"Unadhani nitakwenda na wewe mahali?"

"Sijui. Nitakuwa stendi saa mbili. Na tafadhali usiweke kitu kwa hiyo flashi. Ilivyo sasa, ndiyo ufunguo."

Nzula alikata simu bila kwaheri. Lakini Ijumaa saa mbili kasorobo alikuwa stendi, amevaa gauni lake la kitenge cha samawati na sweta ya kijivu, mkoba umebanwa kwapani kwa namna ya mtu anayekwenda kushtaki. Njia nzima hadi Kajiado alimsemesha maneno matatu: "Sogea," na "Asante," na "Hapana."

Studio ya Parsaoti ilikuwa mlango wa tatu kutoka bucha. Mwenyewe alikuwa mtu wa makamo, shuka nyekundu juu ya koti la suti, miwani imefungwa kwa uzi.

"Sopa, mzee," alisema Nalianya.

"Epa. Haya, hata Mbukusu, kwa lafudhi hiyo ya Bungoma, anajua salamu." Alicheka, kisha akamtambua Nzula, akaacha kucheka, akampa mkono. "Mama Sheryl. Mtoto mkubwa sasa?"

"Yuko chekechea sasa. Mzee, ile kompyuta..."

"Iko." Aliinama chini ya kaunta, akavuta sanduku la kompyuta lenye vumbi la mwaka mzima. "Iliingiwa na virusi. Inawaka, inaandika maneno ya Kizungu, inazima. Mafundi watatu wamekuja, wote wimbo mmoja: fomati, fomati. Nikawafukuza. Humu ndani kuna harusi za nusu ya Kajiado. Nitamwambia nini bibi arusi?"

Nalianya alivuta pumzi ndefu. "Mzee, Mungu akubariki kwa kuwafukuza."

Aliifuta kwa kitambaa, akaunganisha nyaya, akaomba flashi. Nzula aliitoa mkobani na kumwekea kiganjani bila kumgusa.

"Hiyo inafanya nini?" aliuliza Parsaoti.

"Mzee, hii kompyuta mwili wake ni mzima. Kilichougua ni mfumo ulioko ndani ya diski. Sasa mimi nimebeba mfumo mwingine, mzima, humu. Niliuvuta mwezi uliopita kwa mtandao pale saiba, kwa jioni tisa. Huwezi kuukopi tu kama wimbo, hautaamka. Kuna programu inauandika kwa flashi nzima ili mashine ikiuona ijue: hapa naweza kuanzia." Alimtazama Nzula, akashusha macho. "Ndiyo ile iliyofuta."

"Na harusi zangu?"

"Haitagusa diski. Itaamka kwa flashi, iishi kwa kumbukumbu ya mashine, na ukizima imeondoka. Haiachi hata nyayo."

Aliwasha. Mashine ilikohoa, ikaandika maneno yake ya Kizungu, ikazima.

"Nilikuambia," alisema Parsaoti.

Tangu jana Nzula alikuwa amejikaza asitumaini, na kumbe alikuwa ametumaini.

"Imeanzia diskini kwa mazoea," alisema Nalianya. "Haijaambiwa iangalie flashi kwanza." Aliwasha tena, akabonyeza kitufe kimoja mfululizo, ukurasa wa buluu ukatokea. Alihesabu mistari kwa kidole, akabadilisha mmoja, akahifadhi. Kisha akarudisha mikono yake mapajani.

Skrini ilikuwa nyeusi. Taa ndogo ya flashi ilianza kupepesa, ikawa inapepesa mbio, kitu kinasomwa, kitu kinapita. Dakika moja. Mbili. Katika weusi ule ukatokea mstari mdogo wa rangi ya chungwa, ukawa unajaza polepole.

Halafu ngoma zikalia.

Ngoma kweli, kutoka kwa spika za mashine iliyokuwa imekufa mwaka mzima. Skrini ikafunguka, rangi ya udongo, ya udongo uliolowa. Parsaoti alirudi nyuma hatua moja na kuvua miwani. "Yeiyo lai," alimwita mama yake kwa Kimaasai, kwa sauti ya chini. Nzula aliona nywele za mikono yake mwenyewe zimesimama. Kitu chepesi kuliko kitana cha Roda, kitu cha kupotea mfukoni, kilikuwa kimebeba akili nzima na kuiingiza ndani ya mwili uliokuwa hauna.

Nalianya alifungua diski. Folda zikajipanga, harusi, mahafali, tohara, kila moja na tarehe yake. Parsaoti ndiye aliyeonyesha kwa kidole. "Hiyo. Ubatizo, Agosti 2005."

Picha zilikuwa arobaini na moja.

"Nilikuwa na kumi na mbili," Nzula alisema.

"Ulichagua kumi na mbili. Ulisema unataka zile ambazo watu wote wanaangalia kamera. Hizi zingine ni za makosa."

Nalianya alizifungua moja moja, taratibu. Sheryl akipiga mwayo. Pasta amefumba macho. Kisha Musau, suti yake ya kijivu ya kuazima, mabega mapana, amemshika mtoto vibaya kama wanaume wote. Haangalii kamera. Haangalii mtoto. Anamwangalia Nzula, ambaye yuko pembeni anarekebisha kilemba na hajui. Miaka minne hakujua.

Nzula aliweka kiganja mdomoni. Alichungulia uso wa Nalianya kutoka pembeni, akitafuta kile alichokuwa anakiogopa, kukunja kwa midomo, wivu, chochote.

Nalianya alikuwa anafuta macho kwa mkono wa shati.

"Huyu mtu alikupenda, Nzula," alisema. "Hii ndiyo tuchapishe kubwa. Ya ukutani. Sheryl aikute hapo kila akitoka kulala."

"Ukutani kwa nani?"

"Kwako." Alisita. "Popote utakapokaa."

"Mzee," Nzula alimgeukia Parsaoti, "una CD tupu?"

"Ninazo."

"Nalianya, hizo kuziandika zinachukua muda gani?"

"Nusu saa. Na harusi za mzee, mpaka alasiri."

"Weka, halafu simama."

Aliweka, akasimama.

"Uko na kitambulisho?"

"Niko nacho. Kwa nini?"

"Ofisi ya DC, mkuu wa wilaya, iko hapo ng'ambo, na saa saba wanafunga kula. Wanabandika ilani ya ndoa siku ishirini na moja. Pasaka uliniuliza kitu. Bado unauliza?"

Nalianya alichomoa kitambulisho mfukoni. "Bado."

"Basi tembea. Na siku nyingine droo yangu unabisha hodi."

"Nitabisha, mama."

Parsaoti alibaki akicheka na kulinda mashine. Walivuka barabara kati ya mbuzi na pikipiki, Nzula mbele. Dirishani karani aliyeandikwa Nyaguthii kifuani hakuinua kichwa. "Bibi arusi amewahi kuolewa?"

"Mjane." Nzula alifungua mkoba, akatoa cheti cha kifo kilichokunjwa mara nne. Mjane wa Kenya hatembei bila hicho, kila ofisi huuliza. Alikikunjua juu ya kaunta na kukilainisha kwa kiganja, kwa upole.

"Jina la marehemu ni hili?"

"Ndiyo. Musau."

"Musau," Nalianya alirudia karibu naye, wazi, bila kigugumizi.

Karani alisukuma fomu. Nzula alichukua kalamu, akatia sahihi yake kwanza, akampa Nalianya.