Mwite kwa Jina la Nyumbani

Mwaka 1949 soko la Kaisho lilikuwa limejaa wachimbaji wa bati, vumbi jekundu hadi kwenye nyusi. Cassian alikuwa mmoja wao. Alirudi kinyumenyume kumkwepa ng'ombe, akakanyaga maharage ya msichana aliyevaa gauni jeupe la bafta.

"Macho umeyaacha shimoni?"

"Nisamehe, dada. Nitayaokota yote. Unaitwa nani?"

"Regina. Padri anasema kwa Kilatini ni malkia."

"Na nyumbani?"

"Kokwijuka."

Cassian akacheka. Kwa Kinyambo, huko ni kukumbuka. "Wanakumbuka nini, malkia wangu?"

"Okota maharage, Vumbi wewe!"

Miezi sita walikutana kila siku ya soko. Alimnunulia kitambaa chekundu cha kichwa, naye akazidi kumwita Vumbi wangu. Mwishowe Cassian akaenda kwao Nyakatuntu kumposa. Melkiory, baba wa msichana, alimkaribisha vizuri mpaka alipouliza yeye ni mtoto wa nani.

"Wa Kaijage, baba."

Mzee akaweka kibuyu chini.

"Kaijage alipokuwa mtu wa chifu alimsingizia mdogo wangu Kashaija wizi wa ng'ombe. Kumbe Kaijage ndiye aliyemchinja ng'ombe huyo, akamla. Kashaija alichapwa viboko, akafia njiani akirudi. Wiki hiyohiyo nikapata binti. Nikampa jina ili baba yako alisikie kila akipita hapa."

Cassian akainuka ili aondoke.

"Wewe sina ugomvi nawe," Melkiory akaendelea. "Mahari sitaki. Kaijage aje mlangoni pangu amwite binti yangu kwa jina nililompa. Basi. Akiliita, mchukue."

Kaijage alikuja, kanzu safi, koti jeusi, fimbo mkononi. Msichana akapiga magoti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, Regina."

"La nyumbani," Melkiory alisema.

Kaijage akakohoa. "Alibatizwa Regina. Sisi ni Wakristo."

"Baba, nakuomba," Cassian alisema. "Ni neno moja tu."

Midomo ya Kaijage ilicheza. Jasho likamtiririka hadi kwenye kola.

"Regina ni jina zuri," akasema, akaishika fimbo yake na kuondoka.

Msichana akainuka, akapangusa magoti, akaingia ndani na kufunga mlango.

"Kokwijuka!" Cassian aliita. Akaita tena, na tena, mpaka koo likakauka.

"Nimekusikia, Vumbi wangu." Alikuwa akilia. "Ingekuwa wewe ndiye unayetakiwa kuita, ningekuwa nimeshatoka."

Njiani Kaijage alitangulia, Cassian akamfuata kwa mbali. Mzee aligeuka mara mbili kumsemesha, hakujibiwa. Aliishi miaka saba mingine, na mpaka anazikwa, Cassian hakumwita tena baba.