Chumba cha Nne

Kila Jumamosi asubuhi Mable alifagia ua, akachota maji kisimani, kisha akabadilisha mashuka ya vyumba vya wageni. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na kazi hiyo aliijua vizuri. Nyumba yao ilikuwa Kashikishi, karibu na bandari, mahali ambapo injini za mashua zilisikika vizuri zikiingia kutoka Kongo. Nyuma ya nyumba kulikuwa na vyumba vinne vilivyopangana mstari mmoja. Wafanyabiashara wa samaki kutoka Kilwa na Pweto za Kongo, ng'ambo ya Ziwa Mweru, walilala humo siku mbili au tatu wakati mizigo yao ikitayarishwa, kisha wakavuka kurudi kwao.

Nyumbani Mable alizungumza Kibemba, na shuleni Kiingereza. Kiswahili alijifunza kwa wageni hao. Alijua kusema "maji ya kuoga iko tayari" kabla hajajua kuyaandika maneno hayo.

Baba yake, Sampa, alikuwa mvuvi mpaka alipoumia mgongo. Tangu hapo familia iliishi kwa vyumba vile na kwa shamba la mihogo ambalo mama yake Mable alilima Mwansabombwe. Mama alikaa shambani wiki nzima na kurudi mara chache.

Mwezi wa tano, afisa wa afya wa halmashauri alipita nyumba hadi nyumba. Aliitwa Misozi, lakini watu wote walimwita Madamu. Alieleza kwamba kuanzia sasa kila mwenye nyumba anayelaza wageni kwa malipo, hata kwa usiku mmoja, lazima awe na leseni. Aliacha fomu na kusema angerudi kukagua.

Jioni hiyo Sampa alimwita binti yake mezani, kwa sababu Kiingereza cha fomu kilimshinda. Jirani yao, Papa Fabien kutoka Kongo, ambaye naye alikuwa na vyumba vya wageni, alikuwa amekuja kuwatembelea.

"Wanauliza una vyumba vingapi, Tata," alisema Mable, akimwita baba yake kwa Kibemba.

"Vinne."

"Na wanauliza kama kila chumba kina dirisha linalofunguka."

Vyumba vitatu vilikuwa na madirisha. Chumba cha nne, cha mwisho, zamani kilikuwa ghala la nyavu. Hakikuwa na dirisha lolote, bali mlango tu. Ukuta wake wa nyuma ulipakana na njia ya bandarini, na Sampa aliogopa kwamba akiutoboa, wezi wangeingia.

Papa Fabien alicheka kidogo. "Andika vitatu, *kwisha*. Kile useme ni stoo. Nani atajua?"

"Lakini watu wanalala mle," alisema Mable.

"Wanalala siku mbili tu na kuondoka," alisema baba yake. "Andika vitatu."

Mable aliandika vitatu.

Siku ya ukaguzi, Sampa alipanga magunia ya samaki wakavu mbele ya mlango wa mwisho. Madamu Misozi alipima madirisha ya vyumba vitatu, akaangalia choo, akauliza maji yanatoka wapi. Kisha akaonyesha magunia kwa kalamu yake.

"Na pale?"

"Stoo," alijibu Sampa.

Madamu alimtazama Mable. Mable aliinama na kuokota kijiti cha ufagio kilichokuwa kimeanguka. Afisa akaandika jambo kwenye karatasi yake, akaaga. Baada ya wiki moja leseni ya vyumba vitatu ilitoka. Kesho yake magunia yaliondolewa, na mgeni akalala katika chumba cha nne kama kawaida.

Jumamosi moja ya mwezi wa sita, upepo wa baridi ulivuma kutoka ziwani. Saa mbili asubuhi alifika mgeni ambaye Mable alimpenda sana, Mama Clémentine kutoka Kilwa. Mawimbi yalikuwa yamempiga njia nzima. Nguo zake zililowa mpaka kilemba, na meno yalikuwa yakigongana.

"Mutoto wangu, niko nasikia baridi mingi," alisema. "Chumba iko?"

"Kimebaki cha mwisho tu, Mama."

"Haina neno. Niletee mbaula, nikaushe manguo. Nitalala kidogo."

Mbaula ni jiko la mkaa la bati, na kila nyumba Kashikishi inalo. Mable aliwasha mkaa uani, akasubiri moshi uishe na makaa yawe mekundu, kisha akalibeba jiko hadi chumbani. Mama Clémentine alitandaza nguo zake kwenye kiti karibu na moto. Akafunga mlango ili upepo usiingie.

Saa nne Mable alimpelekea uji. Alibisha hodi, kimya. Akabisha tena. Aliposukuma mlango, joto zito lilimpiga usoni. Hakukuwa na moshi hata kidogo. Mama Clémentine alikuwa sakafuni kando ya kitanda, ametapika, na macho yake yamefumbwa nusu.

"Tata!" Mable alipiga kelele. "Tata, njoo!"

Sampa aliusahau mgongo wake. Alimshika mgeni makwapani, Mable akashika miguu, wakamtoa nje. Alikuwa anapumua, lakini hakujibu alipoitwa. Dereva wa gari la samaki aliyekuwa akipakia mizigo ng'ambo ya njia aliwasaidia kumpeleka kliniki.

Muuguzi aliyekuwa zamu aliitwa Sista Chisomo. Katika wilaya ile malaria huwaangusha watu kila siku, kwa hiyo swali lake la kwanza lilikuwa la homa.

"Ameanza lini kuumwa? Alikuwa na homa?"

Sampa alifuta jasho. "Ametoka ziwani leo asubuhi, amelowa. Alikuwa amekaa uani, akaanguka. Labda ni malaria."

Sista Chisomo akageuka kuchukua kipimo cha malaria. Mable alimtazama baba yake. Sampa alikuwa akitazama sakafu. Mable alielewa kwa nini alisema uani. Kama angetaja chumba, watu wangeuliza ni chumba gani, na leseni ingeondoka. Lakini Mama Clémentine alikuwa amelala pale kitandani, na kichwa chake kilikuwa kikianguka upande kama cha mtoto mchanga.

"Sista, hakuwa uani," alisema Mable. "Alikuwa chumbani. Mlango ulikuwa umefungwa na mbaula ilikuwa inawaka ndani. Chumba hakina dirisha."

Muuguzi alisimama. "Kwa muda gani?"

"Tangu saa mbili. Mkaa nilimpelekea mimi."

Sista Chisomo aliweka kipimo mezani na kumwita mwenzake alete mtungi wa oksijeni. Mikono yake ilifanya kazi haraka. Alipokwisha kumfunga mgonjwa kifuniko cha hewa usoni, ndipo aliposema, bila kumtazama mtu yeyote, "Mkaa ukiwaka ndani ya chumba kilichofungwa unatoa hewa ya sumu. Haionekani na hainuki. Mtu anadhani anasinzia. Ningeanza na malaria, tungepoteza muda ambao huyu mama hakuwa nao."

Sampa alikaa kwenye benchi la nje. Mable alikaa mwisho mwingine wa benchi hilo.

Alasiri Mama Clémentine alifumbua macho. Kichwa kilimuuma sana, lakini alimtambua kila mtu. Jioni aliweza kuketi. Sampa alipoingia, yule mama alimgeuzia macho.

"Papa Sampa, miaka tatu nalala kwako. Ulijua kama ile chumba haiko na dirisha?"

"Nilijua."

"Na mie nilijua. Lakini sikujua kama inaua mutu. Weye ulijua?"

"Hapana, Mama. Sikujua. Madamu wa afya aliponiuliza, nilisema ni stoo."

"Ule madamu wa serikali alijua. Njo maana alikuuliza." Akageuza uso wake ukutani. "Niko na watoto ine kule Kilwa."

Sampa alibaki amesimama na kofia yake mkononi. Alisema "Unisamehe, Mama," mara mbili. Mara ya kwanza haikusikika.

Usingizi haukumjia Mable kwa urahisi siku hiyo. Alitarajia kugombezwa. Asubuhi, baba yake alimkuta akikoroga uji, akachuchumaa karibu naye.

"Jana niliona aibu," alisema Sampa. "Si kwa sababu yako. Kesho nitakwenda kwa Madamu."

"Nitakwenda na wewe, Tata. Mwandiko kwenye fomu ni wangu."

Jumatatu, shule ilipotoka, walikwenda pamoja ofisi ya halmashauri. Madamu Misozi aliwasikiliza hadi mwisho. Kisha alitoa faili, akaifungua fomu na kuweka kidole kwenye neno moja.

"Vitatu," alisoma. "Nani aliandika?"

"Mimi, Madamu," alijibu Mable.

"Maneno yalikuwa yangu," alisema Sampa. "Na magunia niliyapanga mimi."

Madamu alifunga faili. "Ningeweza kulipeleka jambo hili mahakamani. Kwa kuwa umekuja mwenyewe, tutafanya hivi. Leseni naichukua. Vyumba vyote vinafungwa mpaka kazi ikamilike. Nikija kukagua na kukuta jambo moja halijafanyika, nyumba haifunguliwi."

"Madamu, ukuta ule uko njiani. Nikitoboa dirisha, wezi wataingia."

"Hilo ungeniuliza siku ya kwanza," alisema Madamu. Alichukua karatasi, akachora ukuta. "Dirisha si lazima liwe chini. Liweke juu, futi mbili kwa mbili, nondo kwa nje na wavu wa mbu kwa ndani. Ukutani kwa mbele, karibu na sakafu, acha matundu, hewa iingie huku na kutoka kule. Halafu wageni wako wanahitaji mahali pa kuotea moto. Ukiwakataza mbaula chumbani bila kuwapa mahali pengine, wataiingiza ukiwa umelala."

Sampa aliikunja ile karatasi na kuiweka mfukoni. Hakuwahi kufikiri kwamba ofisi inaweza kumsaidia mtu kujenga.

Wiki tatu zilizofuata zilikuwa ngumu. Wageni waliofika walielekezwa nyumba nyingine, na wengi waliingia kwa Papa Fabien. Mable alipunguziwa sukari kwenye uji, kisha ikakosekana kabisa. Sampa alitoboa ukuta polepole kwa sababu ya mgongo. Mama alirudi kutoka Mwansabombwe, akasikia habari yote, akamkemea mumewe kwa maneno machache, kisha akafunga kitenge kiunoni na kuanza kupiga lipu kuzunguka dirisha jipya. Uani walijenga kibanda kisicho na kuta, chenye paa la bati, benchi mbili na kamba za kuanikia nguo, ili wageni waote moto na kukausha nguo zao humo.

Mable alikuwa na kazi yake. Fomu ilikuwa imeuliza pia kama majina ya wageni huandikwa, kwa hiyo alichukua daftari jipya akalipigia mistari kwa rula: jina la mgeni, anakotoka, siku ya kufika, chumba alicholala. Kisha akaandika vibao vinne, Kibemba juu na Kiswahili chini, kimoja kwa kila mlango: *Mbaula haiingii chumbani. Kibanda cha moto kiko uani.* Alipofika kwenye kibao cha nne mkono ulikuwa umemchoka, lakini alikiandika kwa herufi kubwa kuliko vyote.

Kazi ilipokamilika, Madamu Misozi alirudi, akakagua kwa muda mrefu. Katika kila chumba alifunga mlango na kusimama ndani peke yake, kimya, kisha akatoka. Alisoma vibao. Alifungua daftari, ambalo bado lilikuwa tupu, na kulirudisha mezani taratibu. Leseni ya vyumba vinne ilitoka Ijumaa ya wiki ile ile. Jina la kwanza kuandikwa daftarini lilikuwa la Mama Clémentine. Alichagua mwenyewe kulala chumba cha pili, na hakuna aliyemshangaa.

Mwezi wa nane Madamu aliitisha mkutano wa wenye nyumba za wageni katika uwanja wa soko. Walikuja kama thelathini, wengi wao wakiwa wamekasirika. Walisema kanuni hizi ni usumbufu, wageni wao ni wa siku mbili tu. Madamu hakubishana nao. Alimwomba Sampa aseme.

Sampa hakuwa na mazoea ya kuzungumza mbele ya watu. Alieleza mambo kama yalivyokuwa: fomu, magunia, mbaula, na uongo alioutoa kliniki mbele ya mtu aliyekuwa akifa. Mable, aliyeketi na mama yake, alitamani baba yake aruke sehemu hiyo. Hakuiruka.

"Nilidhani ile fomu inanitafuta mimi, inataka kunikamata," alisema mwishoni. "Nikajibu kama mtu anayejificha. Lakini kila swali mle lilikuwa linamuulizia mgeni. Atapumua vipi, atakunywa maji gani, akipotea nani atajua jina lake. Nilipodanganya, sikuidanganya halmashauri. Nilimdanganya mama aliyeniamini akafunga mlango akalala. Mtoto wangu ndiye aliyesema kweli, na aliisema akijua itatufungia nyumba. Ukweli ule ulitunyima wageni kwa wiki tatu. Uongo wangu ulitaka kuwanyima watoto wanne mama yao milele. Basi, wanangu mliopo hapa, na ninyi wakubwa, mtu akikuuliza swali linalohusu uhai wa mwenzako, mjibu kweli mara ya kwanza."

Muuza mihogo aliyepita kando alipunguza sauti yake.

Papa Fabien alikuwa amesimama nyuma, mikono mifukoni. Alikohoa, akasonga mbele hatua mbili.

"Madamu," alisema, "mie niko na byumba biwili bya namna ile."

Madamu Misozi alifungua ukurasa mpya na kuuliza kama angeweza kwenda kuviona mchana ule ule. Papa Fabien akaitika, akatangulia kumwonyesha njia.