Vikombe vya Ukutani Stilwerf

Jua lilikuwa linazama nyuma ya mlima nilipotumwa kitambaa. Ndiyo hivyo tu, kitambaa. Mama alikisahau kwenye ukumbi wa kuonjea mvinyo, upepo umeshaanza kupoa, akaniambia, "Sarlina, kimbia mwanangu, masikio yananiuma." Nikamwacha kwenye gari na wifi yangu Berenice na mtoto, nikarudi peke yangu, nikisonya njia nzima.

Nilikuwa na hasira tangu asubuhi. Niseme ukweli, nilitoka nayo nyumbani.

Nani alitupeleka kwenye sherehe za mavuno? Kaka yangu Gawie. Kazini kwao waligawiwa tiketi za bure, na binti yake Leoné alikuwa hajawahi kupanda tela la trekta wala kukanyaga zabibu kwa miguu. "Ni kutembea tu, dada," alisema. "Mtoto acheze, mama apunge upepo. Mimi nitakunywa juisi." Gawie alikuwa ameacha pombe. Aliiacha kwa jasho na machozi, na Berenice alirudi nyumbani kwa sharti moja: siku atakayonusa mvinyo mdomoni mwa mumewe, anambeba Leoné na harudi tena. Berenice hatanii.

Na katika mashamba yote ya mizabibu ya bonde letu, tiketi zikawa za Stilwerf. Shamba lililomla baba yetu.

Baba alipogoa mizabibu pale tangu ujana wake. Enzi zile kengele ya shamba ikigongwa, wafanyakazi wanapanga foleni, kila mtu na kikombe chake cha bati, mnyapara anawamiminia kipimo cha mvinyo. Asubuhi kipimo, mchana kipimo, jioni kipimo. Huo ndio ujira wenyewe, zile senti zilikuwa za kuzugia. Baba alikufa macho ya njano, tumbo limejaa maji, mimi bado nacheza rede.

Kwetu mtu wa kipimo akifa, mkewe hutoboa kitako cha kikombe chake kwa msumari kabla ya maziko. Kengele ikilia, marehemu hana cha kukingia, basi analala. Lakini baba alipokufa, mnyapara alifika kabla mwili haujapoa, akakidai kikombe. Mali ya shamba. Mama alipiga magoti sakafuni akimwomba. Yule mwanamume akaondoka nacho, kizima.

Sasa fikiria nilichokikuta asubuhi ile tulipofika. Ukuta mzima wa ukumbi umejaa vikombe vya bati, vimetundikwa kwenye misumari, vimemulikwa taa nzuri, na juu yake maandishi makubwa: URITHI WETU. Wa nani? Nilikiona cha baba. Kina mbayuwayu ubavuni, alimchora mwenyewe kwa ncha ya kisu. Watu wanapiga picha mbele yake, glasi mkononi. Na pale getini kila mgeni alikuwa amepewa kikombe kipya cha bati chenye jina lake, eti ukumbusho. Mpaka Leoné alipewa cha kwake.

Sikumwambia mama kuhusu ukuta. Macho yake hayaoni vizuri siku hizi, nikashukuru. Lakini adhuhuri kijana wa mwenye shamba, Rikus, akaigonga ile kengele ya zamani kuwaburudisha wageni. Mama akaacha sahani yake, akasimama. Akanyoosha mkono mbele, vidole vimekunjwa kama vimeshika kitu.

Wageni wakacheka. Mmoja akampiga picha. Nilimtamkia maneno mpaka Berenice akalazimika kumziba mtoto masikio.

Basi jioni nikaingia ukumbini. Hamna mtu. Kitambaa kilikuwa juu ya kiti, nikakiokota.

Ting...

Niligeuka. Kimya.

Ting... ting...

Vikombe vilikuwa vinatikisika ukutani, na humo ndani hakukuwa na hata chembe ya upepo. Kisha ikaja harufu. Mvinyo uliochacha, magunia mabichi, jasho la mtu aliyeshinda juani. Ilikuwa harufu ya koti la baba.

Ndipo kengele ikalia nje.

Nilitazama dirishani. Ilikuwa inabembea kwenye nguzo zake nyeupe, kamba imefungwa juu, hakuna mkono unaoivuta. Niliporudisha macho ukutani, misumari ilikuwa mitupu. Yote.

Nilitoka nje.

Walikuwa wanakuja kutoka katikati ya mizabibu. Foleni. Wanaume kwa wanawake, vichwa vimeinama, na kokoto hazitoi sauti chini ya miguu yao. Kila mmoja na kikombe. Walikuwa wanasogea kwenye pipa la maonyesho chini ya kengele, pipa ambalo Rikus mwenyewe alituambia ni tupu miaka yote. Lilikuwa linatiririka.

Gawie alikuwa amesimama pale.

Alikuwa ameaga anakwenda msalani. Mbele yake kulikuwa na mgongo uliopinda ambao ningeutambua popote. Baba. Kikombe chake kimejaa hadi ukingoni, anampa mwanawe kwa mikono miwili.

"Nishikie zamu, mwanangu," alinong'ona. Sauti ileile ya kukwaruza. "Nimechoka. Nishikie kidogo tu, nilale."

"Sawa, baba," Gawie akajibu, kama mtoto aliyetumwa chumvi dukani. Akanyoosha mikono.

Ningepaswa kuogopa. Hasira haikuniachia nafasi.

"Hata umekufa, baba," nikamwambia, "bado unatuletea pombe nyumbani?"

Akaniangalia. Macho yalikuwa ya njano vilevile. Akayashusha chini kwa aibu, na moyo ukanikatika, maana si yeye aliyejiita pale. Aliitwa. Kila mavuno anaitwa, watu wanacheka na kula jibini.

Nilikipokonya kile kikombe. Mvinyo ukanimwagikia mkononi, baridi ya kaburi. Nikakimbilia ndani, nikauchomoa msumari mmoja ukutani kwa vidole mpaka damu ikatoka, nikarudi, nikakigeuza kikombe kifudifudi juu ya ngazi, nikaokota jiwe. Nikagonga. Nikagonga tena, nikiwatukana waliokitundika mmoja mmoja, mpaka bati likaachia.

Baba akakitazama kile kitundu.

"Mama yako alitaka kufanya hivyo," akasema.

"Najua, baba."

Akakaa chini taratibu, kama alivyokuwa akikaa mlangoni akitoka kazini. Akaanza kuvua viatu. Kilipotoka kiatu cha pili, hakuwepo.

Foleni ikageuka.

Wote. Walinitazama mimi, wakanionyesha vitako vya vikombe vyao. Mwanamke mmoja mwenye kilemba akanong'ona, "Na changu, binti..." Kabla sijamjibu, kengele ikalia mara ya pili, na shingo zote zikageukia pipa tena, hata yake. Nikamshika Gawie mkono, nikamburuta hadi garini.

Getini Rikus alikuwa anaaga wageni, tabasamu hadi masikioni. Nikamuuliza nani amegonga kengele.

"Kengele? Kamba tulishaifunga mapema, mama. Ila nyinyi watu mna hadithi nzuri, tungeziweka kwenye ratiba ya mwakani."

Ningeshuka garini, ule usiku ungekuwa mwingine. Gawie ndiye aliyenizuia. "Twende, dada," akasema. "Tafadhali."

Nyumbani Berenice alimnusa mumewe mdomo, kama kawaida yake. Safi. Akacheka, akapakua chakula. Mimi nikamweleza mama kwa sauti ya chini, nikamwekea kikombe cha baba mapajani, akakipapasa yule mbayuwayu, kisha kitundu, akalia bila sauti. Kisha akafuta macho. "Toboa na hivi vipya," akasema. "Sasa hivi."

Nikavipanga mezani. Cha mama nikatoboa. Cha Berenice, cha Leoné, changu.

"Cha Gawie kiko wapi?"

"Mimi na baba tulikitundika ukutani, shangazi," Leoné akajibu, mdomo umejaa viazi. "Kwenye msumari mtupu. Yule dada aliyegawa vikombe getini alisema anayeacha chake ataitwa tena."

Gawie akaweka kijiko chini.

Sisi hatukusikia chochote. Yeye alisimama taratibu, uso umeelekea dirisha la upande wa bondeni, akanyoosha mkono mbele. Vidole vimekunjwa.

"Gawie," mama akaita. "Gawie, keti, baba."

Hakugeuka. Berenice akamtazama mumewe, akainuka, akachukua viatu vya Leoné na kuanza kumvalisha.

"Nakusubiri mpaka asubuhi, wifi," akaniambia. "Zaidi ya hapo siwezi."

Nilichukua funguo za gari. Nikachukua nyundo na msumari wangu wenye damu. Ukuta ule una vikombe vingi, na yule mama mwenye kilemba sikuwa nimemjibu.